Kengele za Maji

Jumanne, mvua nyembamba ya Novemba juu ya Lier,
akaingia Godelieve Wuyts, mpiga kengele wa mnara wetu,
miaka sabini na mmoja, ngumi zimeota sugu
kwa kugonga vigingi vya mbao vinavyovuta nyaya.
Sikio la kushoto limemsaliti tangu Pasaka.
Mimi, Seppe, ndiye mwenye chumba cha sumaku.

Vua pete, nikamwambia. Vua saa. Na funguo za mnara.
Akazitoa kama mtu anayeng'olewa jino.
"Hii sumaku yako hulala saa ngapi?"
Hailali. Umeme unazunguka ndani yake usiku na mchana,
katika nyaya zilizozama kwenye heli ya majimaji,
na kwa baridi ile hauchoki.

Nikamvika koili ya kichwa, kizimba cheupe chenye kioo kidogo.
"Kizimba hiki kinaimba au kinasikiliza?"
Kinasikiliza. Anayeita ni mkubwa wake, kajificha ukutani mwa pango.
"Na anayeitikia?"
Maji.

Nikamweleza, kwa kuwa aliuliza
na kwa kuwa orodha yangu siku ile ilikuwa fupi:
maji ya mwilini yana viini, kila kiini ni pia inayoyumba,
na sumaku kuu inazipa pia zote mwendo mmoja,
mara milioni sitini na nne kwa sekunde.
Ukizigutusha kwa wimbi la redio zinalia pamoja,
noti moja, paji na kisogo,
wala hakuna sikio litakalojua nani kalia wapi.
"Mnara wenye kengele arobaini za uzito mmoja," akasema.
"Huo si mnara. Hilo ni ghala."

Ndipo zinapokuja koili tatu za mteremko,
shaba iliyofukiwa ndani ya gundi ngumu:
ya kichwa na miguu ni duara mbili, umeme wake unapishana;
ya kushoto na kulia, na ya kifua na mgongo,
zimejikunja ubavuni kama tandiko la farasi.
Kazi yao ni kuinamisha, basi.
Katikati hazibadilishi kitu.
Huku zinaongeza kidogo, kule zinapunguza kidogo,
na uga uliokuwa tambarare kama sakafu ya kanisa
unashika mlima.
Sasa sikio la kulia lina noti yake, la kushoto yake,
tofauti ya unywele,
na ukijua sauti umejua mahali.

Hakujibu. Akainua kidole gumba: nisukume.

Kisha zile kelele. Koili ya mteremko inaishi ndani ya sumaku kubwa kuliko yeye;
akiwashwa umeme anasukumwa, ukigeuzwa anavutwa,
mara mia kadhaa kwa sekunde, na shaba haina pa kukimbilia:
ga-ga-ga-ga, kimya cha kupumua, ga-ga-ga-ga.
Dirishani niliona miguu yake chini ya blanketi ikihesabu.
Usitikise mguu, Bi Wuyts, nikasema kwenye kipaza sauti.
Mguu ukatulia. Kidole gumba chake hakikutulia.

Dakika ishirini na sita. Hesabu zikaitenganisha kwaya,
kila noti ikarudishwa kwenye kiti chake,
na kando ya neva ya kushoto
kitu cheupe, kadiri ya punje ya dengu.
Si kazi yangu kusema.
Niliuweka uso wangu sawa kabla sijafungua mlango.

"Mashine yako," akasema akivaa saa,
"lile gongo la tatu liko chini ya si bemoli. Kidogo tu.
Fundi akija, mwambie."
Akachukua funguo. Hakuuliza kitu kingine.

Jumamosi nilikuwa sokoni. Kengele zikamaliza wimbo wao wa saa tano,
kisha moja nzito, peke yake:
ga-ga-ga-ga. Kimya cha kupumua. Ga-ga-ga-ga.
Mwuza jibini akatazama juu, akauliza kama mnara umeharibika.
Hapana, nikasema. Nipe robo kilo.